Mama halalamiki miguu: je, nimpeleke Dar kwenye mashine ya neva?

Swali: Assalaam alaykum bibi. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Mama yangu ana miaka 61 na huu ni mwaka wa 9 tangu aambiwe ana sukari. Anameza vidonge vya sukari, metformini na glibenklamidi. Miguu hailalamikii hata siku moja, lakini mwezi uliopita jirani yetu kakatwa mguu, na yeye pia alikuwa halalamiki. Nimesikia Dar kuna mashine ya kupima neva, yaani mishipa ya fahamu. Nijikusanye nimpeleke? Na hizi sindano za neva zinazouzwa maduka ya dawa, nimnunulie? Jengine: dada yangu anaolewa mwezi ujao, mama anataka kupaka hina miguuni, na mtu kamwambia mwenye sukari haruhusiwi.

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Pesa ya boti iweke kwanza. Kipimo anachokihitaji mama yako kwa sasa unacho mwenyewe, nacho ni kidole chako cha shahada. Sikutanii, namna ya kukitumia nakueleza hapa chini. Lakini kwanza nishike hilo neno lako "halalamiki", maana ndilo lililonikalisha kuandika.

Shaka uliyoipata baada ya mkasa wa jirani ni shaka ya haki. Miaka yote niliyofanya kazi kliniki ya sukari hapa Unguja, waliokuja wakilia kwamba nyayo zinawaka, zinachoma kama zimepakwa pilipili, shuka likigusa kidole wanaruka, hao sikuwa nawaogopea sana. Wanateseka, usiku hawalali, lakini mguu unaouma mwenyewe huutazama. Niliokuwa nawaogopea ni wale wa "mie mzima, miguu haina neno". Karibu nusu ya watu ambao neva zao zimeshaharibiwa na sukari hawahisi dalili yoyote. Neva inayoumwa hupiga kelele, iliyokufa haina la kusema.

Asubuhi moja ya Ramadhani alinijia mzee, kanzu imenyooka pasi, viatu vya kufunika. Nikamwomba avue. Alipovua cha kulia ikadondoka kokwa ya tende, ikabingirika mpaka chini ya meza. Jana yake wajukuu walikuwa wakifuturu barazani, mmoja kaitupa kokwa ikaingia ndani ya kiatu cha babu. Mzee kakivaa kwenda tarawehe, kakivaa tena asubuhi, kapanda daladala, kasimama njia nzima. Katikati ya wayo palikuwa na shimo lenye umbo la kokwa ile ile, na ngozi pembeni yake imegeuka rangi ya zambarau mbivu. Akaitazama kokwa, akanitazama mimi, akasema: "Mbona sikuambiwa?"

Wa kumwambia alikuwa mguu wake.

Utauliza kwa nini miguu. Neva ya kidole gumba cha mguu huanzia mgongoni, karibu na kiuno, ikashuka mpaka kidoleni, uzi mmoja wa seli moja wenye urefu unaokaribia mita 1. Sukari ikikaa juu damuni miaka na miaka huidhuru neva yenyewe, na hudhuru pia vijishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Unajua maji ya bomba yanavyokuwa mtaani: presha ikishuka, nyumba ya mwisho ndiyo inayokauka kwanza. Basi ganzi huanza kwenye ncha za vidole vya miguu, ikapanda wayoni, ikapanda kifundoni, kama mtu anayevaa soksi taratibu, miguu yote miwili kwa pamoja. Kwa kawaida mikono haiguswi mpaka soksi hiyo imefika karibu na magoti. Ndiyo maana kipimo tunakifanya kwenye ncha za vidole.

Sasa mlaze mama kitandani, miguu wazi na imenyooka. Mshike mguu wa kulia kwa kiganja kizima umwambie, "Huu kulia." Kisha wa pili, "Huu kushoto." Usione ni jambo la kitoto, watu wazima wengi wakishafumba macho huwachanganya. Mwambie kila akihisi ameguswa aseme kulia au kushoto, basi. Afumbe macho. Mimi hupenda ajifunike kanga usoni kabisa, maana jicho huchungulia lenyewe. Kwa ncha ya kidole chako cha shahada gusa ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, mguso mwepesi kama nzi aliyetua, sekunde 1 au 2, uondoe. Nenda kidole cha mwisho cha mguu huo huo. Hamia kushoto: gumba, kisha cha mwisho. Rudi kulia uguse kidole cha kati, umalizie cha kati cha kushoto. Jumla vidole 6, kila kimoja mara 1 tu. Akinyamaza, hesabu kuwa hakuhisi, endelea.

Mara 1 tu. Hapo ndipo watoto wa watu wanapoharibu kipimo. Mama akinyamaza, mtoto anaingiwa na huruma, anarudia, anakandamiza kidogo, mama anasema "kulia", na wote wawili wanafurahi. Ukikandamiza, kinachohisi ni nyama na mfupa wa ndani, hupimi tena ngozi. Ukipapasa ni vivyo hivyo. Wala usimuulize "umehisi?" Muulize mtu mzima wa kwetu swali hilo, atakwambia "ndiyo mwanangu" kwa adabu tu, asije akakuvunja moyo. Nilishawahi kumuuliza bibi mmoja, "Na hapa je?" huku mikono yangu yote miwili imo mfukoni mwa koti. Akanijibu, "Naam, hapo hapo." Tena usiguse kwa mwendo mmoja kama mpiga ngoma ya dumbak. Chelewa kidogo baina ya kidole na kidole, mara kwa muda mrefu, mara mfupi, la sivyo ataanza kujibu mapigo badala ya mguso.

Asipohisi vidole 2 au zaidi kati ya 6, hisia ya kumlinda imepungua, na kuanzia siku hiyo miguu yake ihesabiwe kuwa miguu ya hatari. Akihisi vyote, au akikosa 1, kwa sasa hisia yake iko salama, rudieni mwakani. Huyo aliyekosa 1, kwa tabia yangu, ningemgusa tena baada ya wiki chache bila kumwambia kwa nini.

Kipimo hiki kilibuniwa na madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, wakakitangaza mwaka 2011 baada ya kukilinganisha na kipimo cha uzi kinachotumika kliniki. Matokeo yalikaribiana mno. Hawakutaka kuifukuza kliniki, walitaka mtu asiye na chombo chochote, aliye nyumbani au wodini, asiwe na kisingizio.

Kwa hiyo kliniki iko pale pale. Mwenye sukari ya ukubwani anatakiwa apimwe miguu siku ile ile anayogunduliwa, kwa sababu sukari huwa imeshakaa mwilini miaka kabla ya kujulikana, kisha kila mwaka. Anayeipata utotoni, ile ya kuchoma insulini tangu mwanzo, huanza baada ya miaka 5. Mama yako yuko mwaka wa 9. Kama hajawahi kuvuliwa viatu kliniki, msimlaumu mtu, foleni tunaijua sote. Siku ya miadi akikaa tu mbele ya muuguzi, avue mwenyewe kabla ya kuulizwa. Miguu ikishakuwa wazi pale mezani ni vigumu mtu kutoitazama.

Huko atakutana na monofilamenti, uzi wa nailoni uliopachikwa kwenye kishikio. Ukiuona utasema ni mshipi wa kuvulia changu, na hutokuwa mbali. Unasimamishwa juu ya ngozi na kusukumwa mpaka upinde, na umetengenezwa upinde pale nguvu inapofika gramu 10. Asiyehisi gramu hizo 10 anaweza kukanyaga kitu cha kumtoboa asijue. Zamani, kabla ya nailoni, mtaalamu Max von Frey alikuwa akifanya kazi kama hii kwa nywele za farasi. Lakini mtu asije akakata kipande cha mshipi wa babu yake akajifanya fundi wa neva. Unene na urefu wa uzi ndio unaozitoa gramu 10, ukibadilika hata kidogo unapima kitu kingine. Na uzi nao huchoka. Ukishawapima watu kama 10 unafaa upumzishwe siku nzima ndipo urudi katika nguvu yake. Muuguzi akiuchomeka juu ya sugu, mwambieni kwa upole asogee pembeni, sugu haihisi hata kwa mtu mzima wa afya.

Pengine watatumia pia uma wa chuma wenye meno mawili. Ukigongwa hutetema mara 128 kwa sekunde, unawekwa juu ya mfupa wa kidole gumba, mama aseme mtetemo umekwisha lini. Na watie vidole juu ya mguu, na nyuma ya kifundo kwa ndani, kutafuta mapigo ya damu. Hilo la mapigo msiliache, kwa sababu kidole chako cha shahada hakilijui. Mguu unaweza kuhisi vizuri na damu isifike.

Ile mashine ya Dar ipo na ina kazi yake. Hupitisha umeme mdogo kwenye neva ikapima unakwenda kasi gani. Lakini haihitajiki kwa kuwachunguza wagonjwa wa sukari ambao mambo yao yanafuata mkondo wa kawaida, na tena haizioni vizuri zile neva nyembamba za maumivu na joto, ambazo mara nyingi huharibika mapema. Daktari huihitaji pale mambo yasipofuata mkondo: ganzi ya mguu mmoja tu, au imeanza mikononi, au imepanda kwa wiki chache, au mguu umelegea kuliko ulivyokufa ganzi. Likitokea mojawapo, mpeleke kwa daktari hapo hapo Pemba, Chake au kwenye Hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani, na yeye akiona haja atawaandikia safari. Hapo boti ina maana.

Tukija kwenye sindano. Nyingi zinazoitwa za neva ni mchanganyiko wa vitamini za kundi la B. Hazifufui neva iliyouliwa na sukari, na kwa mtu asiye na upungufu zinachofanya ni kupunguza pesa. Vitamini B6 ikizidi sana kwa muda mrefu huharibu neva yenyewe, na hili muuza duka hakwambii. Hata hivyo sikuambii uzitupe zote baharini. Mama anameza metformini mwaka wa 9, na metformini ikitumiwa miaka mingi hupunguza uwezo wa mwili kunyonya vitamini B12. Mtu anaweza kula samaki kila siku, pweza juu, na bado ikapungua. Upungufu wa B12 huleta ganzi inayofanana kabisa na ya sukari, na tofauti yake ni kwamba huu ukiwahiwa unatibika. Basi ombeni B12 ipimwe damuni, na ikiwa iko chini, sindano ataandikiwa na daktari kwa dozi inayojulikana. Wakati huo huo daktari aambiwe kama mama aliwahi kutumia dawa za kifua kikuu, maana isoniazidi nayo huleta ganzi, na aangaliwe ngozi kama ana baka lisilohisi, kwa sababu ukoma haujatoweka visiwani kwetu. Tezi ya shingo na figo zikiumwa nazo huweza kuleta ganzi.

Na kushusha sukari? Ndiyo, ndiyo dawa ya neva zilizobaki. Lakini asiongeze vidonge kwa hamasa ya kusoma barua hii, glibenklamidi inaweza kuishusha sukari ya mtu mzima mpaka akaanguka.

Sasa kama vidole 2 au zaidi vitakuwa vimenyamaza. Habari yenyewe si hukumu ya kukatwa mguu. Kinachokata miguu ni kidonda ambacho hakikuonekana wiki 2 au 3. Yaliyopotea kwenye ngozi yarudishwe kwa jicho, na sisi Waislamu tumepewa nafasi ya kutazama miguu mara 5 kwa siku bila kutengewa muda. Wakati wa udhu, anapopitisha kidole kati ya vidole vya miguu, asipitishe kama desturi tu, atafute: pana unyevu, pamepasuka, pana lengelenge? Akimaliza apakaushe kwa kitambaa, maana hapo kati ndipo fangasi wanapopenda kukaa. Nyayo zinazokauka na kupasuka azipake mafuta ya nazi, ila kati ya vidole asipake. Kama kuinama kunamshinda, wewe au dada yako mumtazamie jioni, au kioo cha mkononi kiwekwe sakafuni chini ya wayo.

Kutembea pekupeku kumekwisha, hata ndani. Najua nyumba zetu, viatu vinabaki mlangoni, basi awe na ndara safi za ndani ambazo nje haziendi. Msimu wa karafuu asikanyage majamvini wala asipite kwenye makonyo, vile vijiti vya karafuu, yanayoanikwa, makonyo makavu ni misumari midogo. Sakafu ya saa 7 mchana inaunguza na hatojua. Akiwa analima mwani, au anashuka pwani kuokota kombe maji yakitoka, avae viatu vya raba vya kufunika. Kila kiatu akitikise na kutia mkono ndani kabla ya kuvaa. Mzee wangu wa kokwa mpaka leo, nasikia, huwatikisia watu wengine viatu vyao msikitini bila kuombwa. Maji ya moto ya kukanda miguu yapimwe na mtu mwingine kwa kiwiko. Sugu lisikatwe kwa wembe.

Na panya. Watu hucheka nikilitaja. Tuna msemo kwamba panya huuma huku akipuliza, na kwa mwenye ganzi hata hana haja ya kupuliza. Madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Dk. Zulfiqarali Abbas, mtu aliyeifanya miguu ya wagonjwa wa sukari kuwa kazi yake, waliandika habari za wagonjwa walioamka asubuhi wakakuta vidole vimetafunwa usiku. Mama alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, mabaki ya chakula yasilale chumbani, na miguu isinukie mafuta ya samaki wa usiku.

Akishaonekana ana ganzi, kliniki wamwone miguu kila miezi 6 hadi 12, na kama vidole vimepinda au damu haifiki vizuri, kila miezi 3 hadi 6. Lakini yako mambo ya siku hiyo hiyo, hayangoji miadi: kidonda chochote hata kidogo, lengelenge, weusi, harufu, na mguu mmoja uliovimba ukawa na joto kuliko mwenzake hata kama hauumi. Huo wa mwisho watu huupuuza wakidhani ni mbu au uchovu. Mifupa ya mguu uliokufa ganzi inaweza kuvunjika kimyakimya huku mtu anatembea juu yake. Asiukanyage, abebwe.

Limebaki la harusi, na hongereni sana. Aliyesema mwenye sukari haruhusiwi kupaka hina kazidisha. Hina ya majani, iliyokandwa kwa maji na ndimu, apake. Isipite juu ya penye mpasuko au kidonda, na miguu asiisogeze kwenye mkaa eti rangi ikolee. Piko asiguse kabisa. Lile jeusi huchanganywa na rangi ya nywele, huwachoma hata wenye ngozi inayohisi, na wao angalau huwashwa wakaenda kuosha. Na rangi ya hina ikishakolea wayoni, wekundu wa ngozi hautouona kwa wiki 2 au zaidi, kwa hiyo nyayo zitazame vizuri mchana wa siku hiyo, kwenye mwanga. Kisha mlaze umguse vile vidole 6, uandike nyuma ya kadi yake ya kliniki tarehe na hesabu: kulia vingapi, kushoto vingapi. Mpakaji akingoja barazani dakika 2 hatoudhika.